Jenerali China: mwanajeshi wa Burma aliyemalizia kazi yake kwa kufundisha vijana

Ukimtaja Jenerali China, wengi wetu tunamwona akiwa msituni Mlima Kenya na bunduki mkononi. Si kosa, maana huko ndiko jina hilo lilikotokea. Lakini jina lake halisi lilikuwa Waruhiu Itote, na alikaa msituni kama mwaka mmoja na nusu tu. Miaka ya kuwafunza vijana ilikuwa kama 20. Katika makala hii tunayafuata maisha yake yote, kwa sababu sehemu ile ndefu ndiyo inayosahaulika.

Keya na safari ya Burma

Itote alizaliwa Nyeri mwaka 1922. Utotoni alisoma kidogo tu, kisha akaanza kutafuta riziki kama vijana wengine wa wakati ule. Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, aliingia jeshi la King's African Rifles, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya. Vijana walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, wakapandishwa meli kwenda Asia kupigana na Wajapani.

Kikosi chake kilipelekwa Burma, na Itote akapigana pande za Kalewa. Alipanda cheo akawa koplo. Huko alijifunza kupanga doria, kuvizia, na kuishi porini mvua ikinyesha siku baada ya siku. Lakini somo lililomkaa zaidi lilitokana na mazungumzo. Baadaye alieleza kwamba askari mmoja Mwingereza alimuuliza yeye Mwafrika anapigania nini hasa, akakosa jibu. Mwanajeshi mweusi kutoka Marekani alimsimulia jinsi watumwa wa Haiti walivyowashinda mabwana zao. Na katika mji wa Calcutta alikutana na Wahindi waliokuwa wakidai uhuru wao waziwazi.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari weusi walirudi nyumbani na kukuta mambo ni yale yale. Kipande kilikuwa bado, na ardhi nzuri ilikuwa bado mikononi mwa walowezi. Zaidi ya hayo, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi Wazungu waliotoka vitani. Mwafrika aliyepigana vita hivyo hivyo hakuwemo. Itote alipata kazi ya kuchochea moto kwenye injini za garimoshi.

Kutoka reli hadi Mlima Kenya

Alijiunga na chama cha KAU, na mwaka 1950 akala kiapo cha Mau Mau. Agosti 1952 aliingia msitu wa Mlima Kenya, miezi michache kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba. Wakati Dedan Kimathi na Stanley Mathenge walikuwa upande wa Nyandarua, Itote aliongoza maelfu ya wapiganaji upande wa Mlima Kenya. Aliyofunzwa na Waingereza huko Burma, sasa aliyatumia dhidi yao.

Tarehe 15 Januari 1954 alipigwa risasi, akakamatwa karibu na Karatina. Mwezi uliofuata mahakama ilimhukumu kunyongwa. Hapo ndipo maisha yake yanapokuwa magumu kuyasimulia. Serikali ilimtaka asaidie kuwaita wenzake kwenye mazungumzo ya kumaliza vita, naye akakubali. Adhabu ya kifo ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Mazungumzo yenyewe yalivunjika na vita vikaendelea. Wapo waliomlaumu kwamba aliokoa shingo yake. Wapo waliosema alitaka kuokoa maisha ya wengi. Tunayaeleza yote mawili, maana mtu hapaswi kusimuliwa kwa upande mmoja.

Darasa la jangwani

Alipelekwa gereza la Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, palipo na joto na vumbi. Humo walikuwemo Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Bildad Kaggia, Fred Kubai na Kung'u Karumba. Kenyatta alikuwa na umri mkubwa, kwa hiyo hakupasua mawe kama wengine, bali aliwapikia. Wafungwa hao walikuja kugombana wao kwa wao, na Itote alisimama upande wa Kenyatta.

Katika gereza hilo Kenyatta alimfundisha Kiingereza. Mtu aliyekuwa jenerali alikaa chini kama mwanafunzi, akaanza upya akiwa amepita miaka 30. Alipotoka mwaka 1962 alikuwa ametumikia kifungo cha miaka minane, naye aliweza kusoma na kuandika lugha ambayo hakuimudu alipoingia. Mwaka 1967 alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kiingereza, Mau Mau General.

Jembe, spana na kalamu

Baada ya kuachiliwa alikwenda Israel kwa mafunzo ya uofisa. Mwaka 1964 serikali mpya ilianzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambayo wengi tunaiita NYS. Nchi ilikuwa imejaa vijana wasio na kazi wala ujuzi, na wengi hawakuwa wamesoma, wakiwemo waliotoka msituni. Itote aliteuliwa kuwa mmoja wa viongozi wake wa juu.

Mkurugenzi wa kwanza wa NYS alikuwa Geoffrey Griffin, Mkenya wa asili ya Kiingereza aliyeanzisha shule ya Starehe mwaka 1959. Wakati wa Hali ya Hatari, Griffin alikuwa ofisa wa Keya, upande uliokuwa ukiwasaka Mau Mau. Watu wawili waliokuwa maadui sasa walifanya kazi katika ofisi moja, wakilea vijana wale wale.

Asubuhi vijana walipiga gwaride kama jeshini. Baada ya hapo walishika kazi: kuchonga barabara, kulima, kujenga, kujifunza umakanika na useremala. Wasiojua kusoma walifundishwa. Itote, ambaye mwenyewe alipata elimu yake ukubwani, alibaki katika kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 1984.

Alifariki mwaka 1993. Wakati huo sheria ya kikoloni iliyopiga marufuku Mau Mau ilikuwa bado haijafutwa, na ilifutwa mwaka 2003 tu. Kwa hiyo mtu huyu alilitumikia taifa kwa miaka 20, akastaafu, akazikwa, huku kundi alilowahi kuliongoza likiwa bado haramu kisheria.

Sasa tuhesabu. Keya ni miaka kama minne, msitu mwaka mmoja na nusu, gereza minane, vijana 20. Kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyepitia NYS miaka ile, muulize alijifunza nini huko na nani alimfundisha. Huenda ujuzi unaowalisha hadi leo ulianzia katika kambi hizo.