Stepan Makarov

Stepan Osipovich Makarov (8 Januari 1849 – 13 Aprili 1904) alikuwa admirali, mtaalamu wa bahari na mbunifu wa meli kutoka Dola la Urusi. Anakumbukwa hasa kwa kuanzisha ujenzi wa Yermak, meli ya kwanza ya kuvunjia barafu iliyokusudiwa kuingia katika barafu nene ya Bahari ya Aktiki. Alifanya pia utafiti wa mikondo ya bahari na wa njia za kuzuia meli zisizame. Alifariki katika Vita ya Urusi na Japani, manowari yake ilipolipuliwa na mabomu yaliyotegwa baharini.

Moja ya meli kubwa za kuvunjia barafu zilizojengwa mjini Helsinki, Ufini, imepewa jina lake.

Maisha ya awali

Makarov alizaliwa mjini Mykolaiv, bandari ya Bahari Nyeusi iliyopo leo nchini Ukraine. Siku hiyo ilikuwa 27 Desemba 1848 kwa kalenda ya Juliasi iliyotumika Urusi wakati ule. Baba yake alikuwa mwanamaji aliyeanzia vyeo vya chini, na familia haikuwa na mali. Mwaka 1858 walihamia Nikolayevsk, mji mdogo kwenye mdomo wa mto Amur, katika mashariki ya mbali ya Urusi.

Huko Stepan aliingia shule ya mabaharia. Wakati ule maafisa wengi wa jeshi la majini walitoka katika familia za makabaila na walisomea mji mkuu, Saint Petersburg. Shule ya Nikolayevsk iliandaa waongozaji wa meli tu, na mhitimu wake hakutegemewa kufika mbali. Makarov alihitimu mwaka 1865 akiwa wa kwanza darasani. Wakubwa wake walimwombea nafasi kutokana na bidii yake, na mwaka 1869 akapata cheo cha kwanza cha afisa kamili.

Tatizo la meli kuzama

Mwaka huohuo wa 1869 alikuwa ndani ya Rusalka, meli ndogo ya deraya, ilipogonga mwamba kati ya visiwa vya pwani ya Ufini. Tundu halikuwa kubwa, lakini maji yalienea ndani na pampu zikashindwa kuyatoa. Ilibidi meli ipelekwe maji mafupi ili isizame.

Kijana huyo wa miaka 20 alijiuliza kwa nini tundu dogo lihatarishe meli nzima. Mwaka 1870 alichapisha makala yake katika jarida la jeshi la majini. Alieleza kwamba ngama ya meli igawanywe katika vyumba visivyopitisha maji, na kwamba pawe na bomba kuu linaloweza kuvuta maji kutoka chumba chochote. Tena, kila meli iwe na mkeka mzito ulio tayari, wa kushushwa nje ya ubavu na kufunika tundu. Mkeka wa namna hiyo ulianza kutumika katika meli za Urusi.

Rusalka yenyewe ilikuwa na mwisho wa huzuni. Mwaka 1893 ilizama kwa dhoruba katika Ghuba ya Ufini, ikisafiri kutoka Reval (leo Tallinn) kwenda Helsinki. Watu wote 177 waliokuwamo walikufa.

Vita dhidi ya Waosmani

Vita ilipozuka kati ya Urusi na Milki ya Osmani mwaka 1877, Urusi haikuwa na kundi la manowari kubwa katika Bahari Nyeusi. Makarov alipendekeza meli ya biashara ya mwendo kasi ibebe mashua ndogo za mvuke. Meli ingefika karibu na bandari ya adui usiku, ikateremsha mashua hizo zishambulie, kisha ikazipakia tena na kuondoka. Alipewa meli iliyoitwa Velikiy Knyaz Konstantin, naye akawa nahodha wake.

Mwezi Januari 1878 mashua zake mbili zilizamisha meli ya Kiosmani Intibah kwenye bandari ya Batum. Tukio hilo huhesabiwa kuwa mara ya kwanza katika historia kwa meli kuzamishwa na torpedo inayojiendesha yenyewe.

Mtafiti wa bahari

Miaka 1881 na 1882 Makarov alikuwa nahodha wa Taman, meli iliyotia nanga Istanbul kwa ajili ya ubalozi wa Urusi. Kazi haikuwa nyingi, akatumia nafasi hiyo kuchunguza mlangobahari wa Bosporus. Ilijulikana kwamba juu maji hutoka Bahari Nyeusi kwenda Bahari ya Marmara. Wavuvi walisema kwamba chini hupita mkondo wa kinyume.

Ili kupata hakika, Makarov aliteremsha chombo kizito kwa kamba kutoka kwenye mashua. Kilipofika kina fulani, kilianza kuivuta mashua dhidi ya mkondo wa juu. Baadaye alitengeneza kifaa cha kupima mwendo wa maji katika vina mbalimbali, akachukua vipimo maelfu vya joto na uzito wa maji. Maelezo yake ni haya: Bahari Nyeusi hupokea maji mengi ya mito, hivyo maji yake ni mepesi na hutoka juu, maji ya Mediteranea yana chumvi zaidi, ni mazito, na huingia chini. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1885 na kupewa tuzo na Chuo cha Sayansi cha Urusi.

Kuanzia 1886 hadi 1889 aliizunguka dunia akiwa nahodha wa meli ya kivita Vityaz. Safari haikuwa ya kisayansi, lakini Makarov na maafisa wake walipima joto na uzito wa maji mara kwa mara, hasa katika Pasifiki ya Kaskazini. Matokeo yalitolewa mwaka 1894 kwa Kirusi na Kifaransa. Jina la Vityaz limeandikwa kwenye ukuta wa mbele wa Makumbusho ya Bahari huko Monaco, pamoja na majina ya meli nyingine maarufu za utafiti.

Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 41, alipandishwa kuwa admirali. Katika miaka iliyofuata alibuni kofia ya chuma laini inayovikwa kwenye ncha ya kombora ili lipenye deraya. Alitunga pia alfabeti ya Kirusi ya kupeleka habari kwa bendera mbili za mkononi.

Yermak

Bandari za Urusi kwenye Bahari ya Baltiki zilifungwa na barafu kila majira ya baridi. Njia ya baharini kwenda mito mikubwa ya Siberia nayo ilikuwa wazi kwa majuma machache tu. Meli ndogo za kuvunjia barafu zilikuwapo tayari: huko Kronstadt mfanyabiashara Mikhail Britnev alikata omo la meli yake Pilot mwaka 1864, ili iweze kupanda juu ya barafu. Ufini, iliyokuwa chini ya Urusi, ilipata Murtaja mwaka 1890 na Sampo mwaka 1898.

Mwaka 1897 Makarov alitoa hotuba mjini Saint Petersburg akidai kwamba meli kubwa yenye nguvu ya kutosha inaweza kufika hata Ncha ya Kaskazini. Mkemia Dmitri Mendeleev alimuunga mkono, na Sergei Witte, waziri wa fedha, akakubali kutoa pesa. Kazi ilipewa kiwanda cha Armstrong Whitworth huko Newcastle, Uingereza, kilichoijenga pia Sampo.

Meli iliitwa Yermak, kwa jina la kiongozi wa Wakozaki aliyevamia Siberia katika karne ya 16. Ilishushwa majini mwaka 1898. Omo lake lililala kama kijiko. Meli ya aina hiyo haikati barafu kama kisu: injini huisukuma ipande juu ya barafu, na uzito wake huivunja barafu kwa chini. Ndani mlikuwa na matangi ya maji mbele na nyuma. Maji yakihamishwa, meli huinamia mbele au nyuma na kujinasua inapokwama. Rafadha tatu zilikuwa nyuma na moja mbele. Ile ya mbele ilifuata mfano wa meli za Marekani: ilivuta maji kutoka chini ya barafu ili barafu ikose kitu cha kuishikilia.

Machi 1899 Yermak ilipita katikati ya barafu ya Ghuba ya Ufini hadi Kronstadt, na watu walitoka kwa miguu juu ya bahari iliyoganda kuipokea. Mwezi huohuo iliokoa meli za biashara zilizokwama karibu na Reval.

Novemba 1899 manowari General-Admiral Apraksin ilipanda miamba ya kisiwa cha Suursaari, kwa Kirusi Gogland, katika ghuba hiyohiyo. Hapakuwa na waya wa simu kisiwani. Aleksandr Popov na wasaidizi wake walifunga mitambo ya redio kati ya kisiwa na pwani karibu na Kotka, Ufini, umbali wa zaidi ya kilomita 40. Mojawapo ya habari za kwanza zilizopokelewa ilihusu wavuvi waliochukuliwa na pande la barafu. Yermak ikaondoka na kuwaokoa. Aprili 1900 Apraksin nayo ilinasuliwa kwa msaada wa Yermak.

Kushindwa katika Aktiki

Katika Bahari ya Aktiki mambo yalikuwa tofauti. Kiangazi cha 1899 Yermak ilikwenda Svalbard mara mbili na kupita latitudo ya 81 kaskazini, lakini barafu ilitoboa ubavu wake. Barafu ya Baltiki ni ya msimu mmoja; ile ya Aktiki huishi miaka mingi, ni ngumu na nene. Rafadha ya mbele, iliyofaa sana Baltiki, haikufaa huko. Iliondolewa, na omo likajengwa upya.

Mwaka 1901 Makarov alijaribu kupita kaskazini ya Novaya Zemlya. Meli ilinaswa na barafu kwa majuma kadhaa, ikaachiwa tu upepo ulipogeuka. Wapinzani wake walisema fedha za serikali zimepotea. Mendeleev, rafiki wa mwanzo, alikuwa amekwisha kutofautiana naye kuhusu njia ya kufuata na nani awe mkuu wa safari. Serikali iliamua Yermak ibaki kazini Baltiki. Makarov, aliyekuwa gavana wa kijeshi wa Kronstadt tangu 1899, hakupewa tena nafasi ya kwenda Aktiki.

Port Arthur na kifo

Mwanzoni mwa 1904 Makarov aliiandikia wizara kutoka Kronstadt. Alionya kwamba manowari za Urusi zilizotia nanga nje ya bandari ya Port Arthur (leo Lüshun, Uchina) zingeshambuliwa usiku na Wajapani. Onyo halikufuatwa. Usiku wa 8 Februari 1904 Wajapani walifanya hivyo hasa, na manowari tatu zikaharibiwa.

Ndipo alipoteuliwa kuongoza kundi la meli za Pasifiki. Alifika Port Arthur tarehe 8 Machi. Kwa muda wa majuma matano aliharakisha matengenezo, akazitoa meli baharini mara kwa mara na kuwarudishia wanamaji moyo.

Usiku wa 12 kuamkia 13 Aprili vivuli vya meli vilionekana nje ya bandari. Ilidhaniwa ni meli za Urusi zinazorudi, hazikupigwa mizinga. Kumbe walikuwa Wajapani wakitega mabomu. Asubuhi Makarov alitoka haraka kusaidia meli yake ndogo iliyozingirwa, bila njia kufagiliwa kwanza. Alipokuta kundi kuu la admirali Togo, aligeuka kurudi bandarini, na manowari yake Petropavlovsk ikagonga bomu. Ghala la baruti lililipuka na meli ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Zaidi ya watu 600 walikufa, akiwemo Makarov na mchoraji mashuhuri Vasily Vereshchagin.

Hivyo mtu aliyetafuta tangu ujana njia ya kuzuia meli zisizame alizama na meli yake. Mkeka na pampu vingeweza kutibu tundu, lakini si mlipuko wa namna ile. Hata Japani aliombolezwa: mshairi Ishikawa Takuboku alitunga shairi la kumlilia adui huyo. Sanamu yake ilizinduliwa Kronstadt mwaka 1913.

Urithi

Yermak iliendelea na kazi hadi miaka ya 1960. Mwaka 1918 ilisaidia kuzipitisha manowari za Urusi katikati ya barafu, kutoka Helsinki hadi Kronstadt.

Ujuzi wa kujenga meli za namna hiyo ulihamia Ufini. Nchi hiyo, ambayo bandari zake zote huweza kuganda, ilianza kwa kununua meli kutoka Uswidi, Uingereza na Uholanzi, kisha ikajijengea yenyewe. Kiwanda cha Hietalahti mjini Helsinki, mali ya kampuni ya Wärtsilä wakati huo, kilitoa Voima mwaka 1954, meli yenye rafadha mbili mbele. Mwaka huohuo Umoja wa Kisovyeti ulipokea kutoka kiwanda hicho Kapitan Belousov. Baadaye zilifuata meli kubwa zaidi za Aktiki.

Miaka 1974 hadi 1976 Helsinki ilitoa meli tatu za aina moja: Yermak mpya, Admiral Makarov na Krasin. Kila moja ina urefu wa mita 135 na nguvu ya farasi 36,000 kwenye rafadha, wakati Yermak ya kwanza ilikuwa na takriban 10,000. Rafadha zao zote tatu ziko nyuma. Mbele hakuna hata moja, kama Makarov alivyofunzwa na barafu ya Svalbard.