Alexis Kagame: nani aulizwe?

Nilikwenda Lwiro na hojaji hamsini, nikitaka kujua wakulima hutafuta wapi habari za mbegu za maharage. Zote zilijazwa, na karibu zote zilijibu neno moja: redio. Siku ya tatu mama aliyenipa malazi aliniuliza kwa upole mbona nawahoji wanaume walioko barabarani, ilhali mbegu hutunzwa na wanawake. Jioni ile nilimkumbuka Padri Alexis Kagame.

Kagame alizaliwa Kiyanza, Rwanda, mwaka 1912, katika ukoo wa watunza siri za ufalme, yaani abiru. Alisoma seminari ya Nyakibanda, akapewa upadri mwaka 1941, akahariri gazeti la Kinyamateka. Alipoanza kukusanya mashairi ya kifalme, hakugawa karatasi. Aliwaendea wazee waliokuwa nayo kichwani, nao walimfungulia kwa sababu Mwami Mutara III Rudahigwa alimwunga mkono. Bila idhini hiyo, wengi wangenyamaza.

Mwaka 1952 alitoa kitabu juu ya taasisi za kisiasa za Rwanda ya kale. Wakoloni hawakukipenda, akapelekwa Roma. Huko alipata udaktari wa falsafa, na mwaka 1956 kazi yake ilichapishwa. Sisi wa isimu tunaijua: alitafuta fikra ndani ya ngeli. Umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu: mtu, kitu, mahali, namna. Alirudi nyumbani mwaka 1958, akafundisha chuo kikuu cha Rwanda, akawa pia mwalimu mgeni Lubumbashi. Mwaka 1976 alipanua hoja yake kwa lugha nyingine za Kibantu. Alifariki Nairobi mwaka 1981.

Namheshimu, lakini siwezi kuficha upungufu wake. Mlango wa ikulu uliomfungulia mengi ulimfungia mengine: wakulima wa mbali na mwami hawasikiki sana katika historia yake. Taasisi ya IRSAC, ambayo makao yake yalikuwa hapa Lwiro, ilikuwa na kituo Astrida, na huko Jan Vansina alikusanya masimulizi ya watu wengi. Katika kitabu chake cha mwaka 1961 alidai kila simulizi lipimwe: limetoka kwa nani, limepitia mikono gani, linamfaa nani.

Hojaji zangu zilikuwa na kosa la Kagame bila fadhila yake. Niliuliza waliokuwa karibu nami, na hata hao sikukaa nao.

Nilizifunga, nikaenda kuchambua maharage na akina mama. Sikuuliza chanzo cha habari. Niliomba kila mmoja anisimulie mbegu aliyoipanda mwisho ilivyomfikia. Wakataja mawifi, majirani, mama mkwe, muuzaji wa sokoni. Redio ilitajwa mara mbili tu. Msimamizi wangu atauliza kwa nini idadi imeshuka kutoka hamsini hadi kumi na wanane. Nitamjibu kwa maisha ya Kagame, pamoja na upungufu wake.