Mwalimu kati ya kutambua na kukubali

Nilipokuwa fildi nyumbani, Singe, Babati, nilipangiwa kufundisha Historia Kidato cha Nne. Siku moja, kwenye mada ya Afrika baada ya uhuru, nikauliza nini maana ya nchi moja ku-"recognise" nyingine. Binti mmoja wa nyuma akasimama, akajibu kwa Kiswahili. Alisema kutambua siyo kukubali: mtu akipiga hodi unaweza kumtambua kwa sauti, na mlango usimfungulie. Jibu lilikuwa zuri kuliko la kwenye notsi zangu. Mimi nikamtaka aseme kwa Kiingereza. Akakaa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapima maisha ya Mwalimu Nyerere kwa maneno hayo mawili.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Nyumbani walizungumza Kizanaki. Shule alianza 1934 pale Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, halafu akaenda Tabora. Yaani kama wanafunzi wengi wa Babati waliokulia kwenye Kigorowa au Kiiraqw, Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya pili, na Kiingereza ya tatu. Makerere alisomea ualimu, kwa hiyo ni mwenzetu kabisa. Akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952 na shahada yake, akafundisha Pugu. Mwaka 1955 akaacha chaki kwa ajili ya TANU.

Lakini kazi ya lugha hakuiacha. Mwaka 1963, akiwa Rais, ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Mwaka 1969 akaitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Angalia hilo jina. Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara mmoja tu wa Venice. Mwalimu akaweka mabepari, tena wengi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Alijua neno likishachaguliwa linakuwa na msimamo.

Katikati ya miaka hiyo likaja la Biafra. Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua. Huyu ndiye mtu aliyehubiri umoja wa Afrika usiku na mchana! Hakufurahia Nigeria kugawanyika. Aliona kwamba baada ya mauaji ya 1966, Waigbo hawakuwa tena na usalama ndani ya nchi hiyo. Nchi nyingi za Afrika zilikataa kumfuata, na Januari 1970 Biafra ikaisha. Kumbe binti wa nyuma alikuwa sahihi: unaweza kukitambua kitu ambacho moyo wako haukitaki.

Kuna na upande wa pili, na huu ndio unaoniuma mimi mwanafunzi wa elimu. Chini ya Mwalimu, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, na BAKITA ikaanzishwa mwaka 1967. Kisha Tume ya Makweta, aliyoiunda yeye mwenyewe, ikapendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili. Serikali yake haikukubali. Yeye mwenyewe alitetea Kiingereza kibaki, akiogopa kwamba kikiondoka madarasani kitakufa nchini na sisi tutafungiwa nje ya dunia. Hoja hiyo siidharau. Mimi mwenyewe nasoma vitabu vya chuo kwa Kiingereza. Ila ukweli ni kwamba hakuna aliyekitambua Kiswahili kuliko yeye, na bado kilipofika mlango wa sekondari kilibaki nje. Aling'atuka urais 1985, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, mlango ukiwa haujafunguliwa.

Sasa nani anamlaumu Mwalimu? Mimi darasani nilifanya lilelile. Nilitambua jibu ni sahihi, sikulikubali. Kesho yake niliandika jibu lake ubaoni kwa Kiswahili, tukalitafuta Kiingereza chake darasa zima, na wenzake wakachangamka sana. Yeye aliandika kwenye daftari, kimya. Hadi namaliza fildi hakunyoosha mkono tena.

Wenzangu mnaojiandaa kwenda fildi, mtihani wa taifa wa Historia bado watoto wanaufanya kwa Kiingereza, na hilo halitabadilika kwa sababu yenu. Kiingereza wafundisheni. Ila mtoto akijibu vizuri kwa Kiswahili, kwanza mwambieni amepata. Hayo mengine yafuate baadaye.