Fundi Konde, mzee aliyerudi na albamu mwaka aliogonga 70

Kama unarekodi ngoma zako kwenye kachumba ka mabati pale Kibera, ama umekodi chumba Kawangware na kuegemeza godoro ukutani ili kuzuia honi za matatu, kuna mzee mmoja unafaa kumjua. Anaitwa Fundi Konde. Alifariki Juni 29, 2000, kwa hivyo huenda hata ulikuwa hujazaliwa.

Konde alizaliwa 1924 huko kwa Wagiriama, pwani ya Kenya. Vita Vikuu vya Pili vilipochacha, akajikuta ndani ya jeshi la King's African Rifles, ile KAR unayosikia wazee wakiitaja. Kikosi chake kilikuwa cha burudani. Kazi yao ilikuwa kuwapigia muziki wanajeshi Waafrika waliokuwa India, Burma na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Na kama wewe ni wa Kibera, KAR si jina geni. Mtaa wako ulianza na askari Wanubi wa jeshi hilo hilo, waliopewa makao pale mwanzoni mwa karne ya 20, wakati kote kulikuwa msitu.

Vita vilipoisha, jamaa akageukia kurekodi. Akatoa Tausi Ndege Wangu, Jambo Sigara na Majengo Siendi Tena. Kama una mtaa umewahi kuapa hutakanyaga tena, hiyo ya mwisho utaielewa kwa jina tu. Kule Chicago, Muddy Waters alikuwa amechomeka gitaa lake kwenye umeme miaka ya 1940. Huku kwetu, Konde alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme.

Lakini hakutosheka na kuimba. Jina lake lilikuwa Fundi, na kweli alikuwa fundi: alifanya kazi na kampuni ya HMV, akishughulikia mitambo ya kurekodi. Enzi hizo wimbo ulitoka kwenye sahani ya santuri, kama dakika tatu kila upande. Hakukuwa na kompyuta ya kukata sehemu mbaya na kubandika nzuri. Mmoja wenu akiteleza, mnaanza upya nyote.

Miaka ya 1960 ikaja na ladha nyingine. Vijana walitaka kucheza tuisti ya akina Daudi Kabaka, na Konde akatoka jukwaani. Sahani zenyewe zilikuwa nyepesi kuvunjika: ikikuponyoka, imekwisha. Unaona hatari ilipokuwa? Mtu anaweza kuimba taifa zima likamjua, kisha sauti yake ifutike akiwa bado hai.

Halafu 1994, mwaka aliogonga miaka 70, ikatoka CD yenye rekodi zake za kati ya 1947 na 1956. Fikiria hilo. Ngoma ya miaka zaidi ya 40 inarudi sokoni, mwenyewe yupo, anaisikia. Miaka mitano hivi kabla ya hapo, John Lee Hooker, mkongwe wa bluzi wa Marekani, alikuwa amerudi kwa kishindo na albamu The Healer akiwa babu. Yeye aliingia studio na nyimbo za kurekodi upya. Konde alirudi na sauti yake ya ujana, kwa sababu kuna nakala zilizopona.

Na hapo ndipo mambo yanakuhusu. Ngoma yako iko wapi sasa hivi? Iko kwa simu ya produsa? Kwa flashi ambayo hujui nani aliiazima? Simu ikiibwa stejini, wimbo umeenda nayo. Ukitoka studio leo, ondoka na nakala yako. Weka nyingine kwa mtu unayemwamini. Andika tarehe, aliyeimba, na aliyepiga kila chombo.

Konde alisubiri miongo minne. Wewe unaweza kuanza leo jioni.