Boyd Orr: Mwalimu aliyeshindwa na njaa ya wanafunzi wake

MWALIMU kijana aliingia darasani katika mtaa wa kimaskini jijini Glasgow, Scotland, mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa tayari kufundisha. Alichokikuta humo ni watoto wenye njaa, waliochoka, waliovaa matambara na kusumbuliwa na chawa na maradhi.

Siku chache baadaye alijiuzulu. Aliona kuwa hakuwa na uwezo wowote wa kuwaondolea watoto wale dhiki yao.

Mwalimu huyo alikuwa John Boyd Orr, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani na kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO).

Alizaliwa Septemba 23, 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, Scotland. Baada ya kuondoka Glasgow alifundisha kwa miaka kadhaa katika mji wa Saltcoats, kisha akarejea chuo kikuu kusomea biolojia na udaktari.

Mnamo 1914 alitumwa Aberdeen kuongoza utafiti wa lishe. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alijiunga na jeshi kama daktari, akatuzwa nishani za ushujaa. Aliporejea alijenga kituo mashuhuri cha utafiti cha Rowett.

Hapo ndipo wale watoto wa Glasgow walipomrudia akilini. Mnamo 1926 na 1927 aliongoza jaribio lililohusisha watoto wa shule wapatao 1,500 katika miji mikubwa ya Scotland na Belfast.

Baadhi walipewa maziwa halisi, wengine maziwa yaliyoondolewa mafuta, wengine biskuti, na kundi la nne halikuongezewa chochote. Baada ya miezi saba, waliokunywa maziwa walikuwa wamekua kwa kimo na uzani kwa kasi iliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 20.

Jambo la kushangaza ni kwamba hata maziwa yaliyoondolewa mafuta, ambayo wakati huo yalidharauliwa, yaliwasaidia watoto. Bunge la Uingereza liliruhusu mamlaka za Scotland kuwapa wanafunzi maziwa kwa bei nafuu au bila malipo, na kufikia 1946 maziwa yalitolewa bure kwa wanafunzi wote nchini humo.

Jina lake lina uhusiano na Kenya pia. Pamoja na Dkt John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya matibabu katika serikali ya kikoloni, alichapisha mnamo 1931 ripoti iliyolinganisha lishe ya Wamaasai na ya Wakikuyu.

Ripoti ilisema wanaume wa Kimaasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu, waliwazidi wenzao waliotegemea nafaka kwa wastani wa inchi tano za kimo na ratili 23 za uzani. Miongoni mwa wanawake tofauti haikuwa kubwa hivyo, kwani wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kwa wingi kuliko waume zao.

Wanahistoria wa baadaye wameikosoa ripoti hiyo. Ni kweli kuwa sahani pekee haitoshi kueleza afya ya jamii iliyokuwa imepokonywa ardhi na kusukumwa katika kazi za kibarua. Hata hivyo, funzo la mboga za kienyeji lingali na maana hadi leo.

Mnamo 1936 Boyd Orr alichapisha utafiti ulioitikisa Uingereza. Alionyesha kwamba karibu nusu ya raia hawakuwa na pesa za kununua chakula cha kutosheleza afya. Kwa hivyo, tatizo halikuwa ujinga wa akina mama jikoni bali umaskini.

Akiwa FAO kuanzia 1945, alipendekeza bodi ya dunia ya kusimamia chakula ili ziada ya nchi tajiri iwafikie wenye njaa. Uingereza na Marekani zilikataa, naye akaondoka mnamo 1948 akiwa amevunjika moyo. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Nobel, na pesa zake zote akazitoa kwa mashirika ya kutetea amani.

Alifariki Juni 25, 1971 akiwa na umri wa miaka 90. Mwaka huo huo, serikali ya Uingereza ilipitisha sheria ya kuwaondolea maziwa ya bure wanafunzi waliozidi umri wa miaka saba.

Wakenya wengi wanayakumbuka Maziwa ya Nyayo, yaliyoanzishwa na Rais Daniel arap Moi mnamo 1979 na kufifia katika miaka ya 1990. Waliokuwa shuleni enzi hizo hawajasahau vile vipaketi vya pembe tatu.

Leo mwalimu huchora ubaoni makundi ya vyakula, kisha huwapeleka wanafunzi uwanjani kukimbia na kucheza kandanda. Ni mafunzo mema. Lakini mtoto aliyetoka nyumbani bila kiamsha kinywa hatalishika somo wala hatamaliza mbio. Boyd Orr alilijua hilo katika siku zake chache za kwanza kazini, na akatumia maisha yake yote kulithibitisha.