Dennis Ritchie

Dennis MacAlistair Ritchie (Bronxville, New York, 9 Septemba 1941 – Berkeley Heights, New Jersey, Oktoba 2011) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka nchini Marekani. Anajulikana kama mtunzi wa lugha ya programu ya C na, pamoja na Ken Thompson, kama mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Unix. Njia inayotumiwa hadi leo na mafundi wa seva, yaani kuanzisha programu, kuzichunguza na kuzisimamisha kwa kuandika amri, ilikulia ndani ya mfumo huo.

Maisha ya awali

Alikulia katika mji wa Summit, New Jersey. Baba yake, Alistair Ritchie, alikuwa mwanasayansi wa maabara za Bell za kampuni ya simu ya AT&T. Dennis alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard na kuhitimu mwaka 1963, kisha akaendelea na hisabati hapohapo. Aliandika tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1968 lakini hakuwasilisha nakala iliyojalidiwa kama chuo kilivyotaka, hivyo hakutunukiwa shahada hiyo. Mwaka 1967 alikuwa ameshaajiriwa katika maabara alikofanya kazi baba yake.

Kuzaliwa kwa Unix

Bell ilikuwa ikishirikiana na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric kutengeneza mfumo mkubwa ulioitwa Multics. Kazi ilichukua muda na fedha nyingi mno, na mwaka 1969 Bell ikajitoa. Thompson akapata kompyuta ndogo aina ya PDP-7 iliyokuwa haina kazi nyingi, akaanza kuandika mfumo mdogo zaidi, na Ritchie akajiunga naye. Wakubwa wao, waliokwisha kuungua na Multics, hawakuwa tayari kununua mashine nyingine kwa ajili ya mfumo endeshi. Kompyuta ya PDP-11 ilipatikana baada ya kundi hilo kuahidi kutengeneza programu ya kuandaa maandishi, na idara ya hataza ya Bell ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitumia. Kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix kina tarehe 3 Novemba 1971.

Michakato na amri

Programu inapokuwa inaendeshwa huitwa mchakato. Mwanzoni Unix ilikuwa na mchakato mmoja tu kwa kila mtumiaji. Programu inayopokea amri, yaani sheli, ilijiondoa kwenye kumbukumbu ili kuipisha programu iliyoitwa, kisha ikapakiwa upya kazi ilipokwisha. Baadaye Thompson aliongeza uwezo wa mchakato kujigawa: mzazi anazaa mtoto, mtoto anafanya kazi, mzazi anasubiri. Ritchie, ambaye baadaye aliandika historia ya siku hizo, alieleza kwamba nyongeza hiyo ilihitaji mistari 27 tu ya msimbo.

Muda mfupi baadaye amri ya kuhama saraka ikaacha kufanya kazi. Walipotafuta sababu waligundua kwamba amri ilitekelezwa sawasawa, ila aliyehama alikuwa mtoto, naye alikufa papo hapo huku mzazi akibaki palepale alipokuwa. Ilibidi amri hiyo itekelezwe na sheli yenyewe. Wanafunzi wanaoandika skripti zao za kwanza bado hukutana na jambo hili: skripti inahamia saraka nyingine, ikimalizika wanajikuta walikoanzia, nao hudhani kompyuta ina kasoro.

Mgawanyo huo ulifungua mlango mkubwa. Kama mzazi si lazima amsubiri mtoto, basi programu inaweza kuachwa ifanye kazi nyuma ya pazia, na alama ya & mwishoni mwa amri inatosha. Ndivyo programu za seva zinavyoishi. Kila mchakato una namba yake. Fundi huitazama kwa amri ya ps na kutuma ishara ya kuusimamisha kwa amri ya kill. Amri hizo zikiandikwa kwenye faili moja huwa skripti, na mashine inaweza kuzitekeleza yenyewe usiku wa manane. Mtoto ambaye mzazi wake amekufa hulelewa na mchakato namba 1. Mtoto aliyekufa lakini mzazi wake hajapokea taarifa hubaki kwenye orodha na huitwa zombi, ambaye Usukumani angeeleweka upesi zaidi kama msukule: kumpiga kill hakusaidii, maana amekwisha kufa.

Lugha ya C

Kati ya mwaka 1971 na 1973 Ritchie alitengeneza C kutokana na lugha ya B ya Thompson. Mwaka 1972 Thompson alijaribu kuiandika upya Unix kwa C akashindwa, kwa kuwa lugha haikuwa bado na namna ya kufunga data za aina mbalimbali pamoja. Ritchie aliiongeza, na mwaka 1973 kazi ikafanikiwa. Tangu hapo Unix iliweza kuhamishiwa kwenye kompyuta za aina nyingine. Pengine huo ndio mchango wake mkubwa kuliko yote. Kitabu cha C alichoandika na Brian Kernighan kilitoka mwaka 1978.

Kwa kuwa amri ya mahakama ya mwaka 1956 iliizuia AT&T kufanya biashara ya kompyuta, vyuo vikuu vilipewa Unix kwa bei ndogo. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haikuchukua msimbo wa Unix lakini ilifuata mpango wake na imeandikwa kwa C. Seva nyingi duniani hutumia Linux, na simu ya Android, iwe Nkoma, Bariadi au Dar es Salaam, ina kiini chake ndani.

Tuzo na kifo

Ritchie na Thompson walipewa Tuzo ya Turing mwaka 1983 na Tuzo ya Japani mwaka 2011. Ritchie alistaafu mwaka 2007. Aliishi peke yake, na tarehe 12 Oktoba 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake. Steve Jobs alikuwa amefariki wiki moja kabla, hivyo vyombo vingi vya habari havikumtaja sana Ritchie, ingawa mifumo ya kompyuta na simu za Apple nayo imejengwa juu ya Unix na C. Fedora 16, toleo la Linux lililotoka Novemba mwaka huo, na FreeBSD 9.0 iliyofuata Januari 2012, yote mawili yalitolewa kwa kumbukumbu yake.