John Bunyan na Somo la Ufagio

Mara hii tunawaletea habari za John Bunyan, yule aliyeandika Safari ya Msafiri.

Alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, kule Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba masufuria yaliyotoboka, naye akashika kazi ile ile. Hakusoma sana. Siku moja alikwenda Bedford kwa kazi, akakuta wamama maskini watatu ao wane wameketi mlangoni wanaota jua, wanazungumza namna Mungu alivyogeuza mioyo yao. Akasogea, akasikiliza. Kumbe yeye aliyejiona mujuzi wa dini hakufahamu kitu. Njo pale alianza kumutafuta Mungu kwa kweli.

Nyuma akawa muhubiri. Mwezi wa 11 mwaka 1660 alikamatwa, kwa sababu alihubiri katika mikutano iliyokatazwa na serikali. Kama angeahidi kuacha kuhubiri, angetoka. Alikuwa na watoto wane, na Mary, mukubwa wao, alikuwa kipofu. Moyo ulimuuma sana juu yake, lakini hakukubali. Alikaa boloko miaka 12, mpaka 1672, akitengeneza kamba za viatu ili jamaa yake wapate kula.

Safari ya Msafiri ilitoka mwaka 1678. Ndani yake Mkristo anaonyeshwa chumba kilichojaa vumbi. Mtu anafagia, vumbi linapanda, Mkristo karibu anakosa pumzi. Msichana ananyunyiza maji, kisha chumba kinafagiwa vizuri. Chumba ni moyo wa mtu; mwenye kufagia ni Sheria; mwenye kunyunyiza maji ni Habari Njema. Mwaka 1686 Bunyan alitoa tena mashairi ya watoto, juu ya yai, mushumaa na nyuki. Alikufa London tarehe 31 mwezi wa 8, 1688.

Sisi wote tunafagia darasa, tunajua vumbi la kiangazi. Lakini sisi makapita tumewafagia wenzetu pia kwa ufagio mukavu. Ndugu mumoja alichelewa, tukataja jina lake mbele ya wote. Sheria ilikuwa upande wetu, lakini tangu siku ile haji tena kwenye sala ya vijana. Juzi tulikwenda kumuomba musamaha. Alinyamaza tu.

Kesho tutarudi kwake. Mara hii tunataka kutangulia na maji.